Kiganja cha Njahi

Katika chumba cha mimea mikavu cha chuo nilichosomea, kabati la pili kutoka dirishani, kuna karatasi ngumu nyeupe yenye mwandiko wangu. Juu yake limebandikwa tawi la njahi: jani lenye vipande vitatu, kishada cha maua yaliyokuwa ya zambarau na sasa yana rangi ya chai ya strungi isiyo na maziwa, na ganda moja lililopinda kama mundu. Kwenye kona kuna bahasha ndogo ya mbegu. Kibandiko kinataja jamii ya kunde, kinataja Kalamba, Makueni, kisha mbele ya neno "Hali" nimeandika: hulimwa. Neno hilo lilikuwa kweli siku nilipoliandika.

Njahi hizo zilikuwa za nyanya yangu. Kwa Kikamba tunamwita susu, nami sitaweza kumwita vinginevyo hapa. Alikuwa mama yake baba, na kwa desturi ya kwetu mimi, binti wa kwanza, nilipewa jina lake. Kwa sababu hiyo mama yangu hakuwahi kunichapa. Angemchapaje mama mkwe wake? Alipokasirika aliniambia tu, "Mama mkwe, hebu niondokee hapa jikoni," na susu, aliyekuwa uani, angepaza sauti: "Mimi nimekukosea nini tena?"

Yeye ndiye aliyenifundisha majani, miaka mingi kabla sijasikia neno uainishaji. Alinifumbisha macho, akaniwekea jani kiganjani, akasubiri. Jani la kunde huteleza, kana kwamba limepakwa mafuta. La mbaazi lina manyoya mafupi laini, kama sikio la mwanambuzi. La haragwe hung'ang'ania: ukilibandika kwenye nguo linashika, maana upande wake wa chini una vinywele vilivyopinda kama ndoano, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Tulipomaliza palizi ya maharagwe alichuma majani mapana akanibandika kifuani, moja, mbili, tatu. "Nishani," alisema. "Serikali imekusahau, lakini mimi nimekuona." Nikarudi nyumbani nikitembea kijeshi.

Jani la njahi halishiki nguo. Hilo ilibidi ulifikiche na kulinusa. Lina harufu nzito ya kijani, ambayo hubaki vidoleni hata baada ya kunawa, na mimi nilikwenda shuleni na harufu hiyo mara nyingi kuliko nilivyokwenda na kalamu mpya.

Susu aliyapanga mazao ya maganda kwa namna yake. Kulikuwa na yale yanayokimbizana na mvua, kama ndengu na kunde, ambayo hukomaa upesi kwa sababu hayana imani na mawingu. Kulikuwa na maharagwe, ambayo alisema yamelelewa vibaya: mvua ikikosa wiki mbili tu yananuna na kufa. Na kulikuwa na yale yanayobaki mvua ikiondoka, mbaazi na njahi, yanayochimba chini na kuendelea kuwa kijani wakati shamba lote limekuwa vumbi. Katika hayo aliyoyaheshimu, njahi zake alizipenda kuliko zote. Alikuja nazo alipoolewa, kutoka kwao upande wa Mwingi, kaskazini ya Kitui. Zilikuwa za kahawia yenye madoa meusi, na kila mbegu ilikuwa na mstari mweupe mahali ilipokuwa imeshikamana na ganda. Sijaona nyingine za namna ile.

Alizihifadhi katika kibuyu kilichozibwa kwa gunzi, zikiwa zimechanganywa na majivu yaliyochekechwa. Kibuyu kile kilikuwa na sheria moja. Kabla ya mbegu kutoka, iwe ni za kupanda, za kumpa jirani, au za kuwapelekea watu wa kwao, mkono wake uliingia kwanza ukachota kiganja kimoja, ukakiweka kando. Kilichobaki ndicho kilichogawanywa. Kisha kiganja kile kilirudi ndani. Alikiita kiganja cha kubaki. Ukame ukiua shamba, kiganja kipo. Jirani akipoteza zake, kiganja kipo. Mama aliwahi kuniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka mmoja wa njaa, baba yangu akiwa mtoto mdogo, watoto wa nyumba ile walilia hadi wakanyamaza wenyewe, na kiganja kikabaki kibuyuni. Nilimwuliza susu kama ni kweli.

"Ningewapikia," akasema, "wangekula siku moja. Siku ya pili wangelia tena, na mimi ningekuwa nalia pamoja nao."

Nilikwenda chuoni kusoma sayansi ya mimea nikiwa na imani kwamba nimetumwa na watu wa mahali pakavu kwenda kuwaletea kitu. Sioni aibu kuisema imani hiyo, hata sasa. Mwalimu wetu wa uainishaji alitufundisha kwamba jamii ya kunde ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za mimea inayotoa maua, na kwamba ukiijua jamii, mmea mgeni hauwi mgeni tena. Alitupasulia ua la njegere kwa sindano. Petali tano: moja kubwa iliyosimama nyuma kama bendera, mbili za pembeni kama mabawa, na mbili za chini zilizoungana kama tumbo la mashua, zikificha stameni kumi, tisa zikiwa zimeshikana na moja ikiwa peke yake. Niliinama juu ya ua lile nikasikia kitu karibu na ibada. Nilikuwa nimepalilia maua hayo tangu utotoni bila kujua kwamba yamejengwa kwa hesabu.

Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya kukusanya mimea ishirini ya jamii moja, kuikausha na kuibandika, ya kuwasilisha mwaka wa tatu. Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilirudi Kalamba na kibanio cha mbao na rundo la magazeti, nikaanza kuwatangazia watu wa nyumbani undugu wasioufahamu.

"Mgunga, mkwaju na njahi ni jamii moja," nilisema.

Susu alikuwa anapura mbaazi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, lakini mikono haikukosea. "Mgunga wa miiba?"

"Ndiyo, susu. Ua lake si kama la njahi, lakini tazama ganda. Ganda ndilo linalowaunganisha. Chumba kimoja, mbegu zimepangwa upande mmoja."

"Basi mimi na ngamia wa Mwingi ni ndugu, maana sote tuna magoti."

"Tena magoti yako ndiyo yanayolia zaidi, mama," mama akadakia kutoka jikoni, na susu akacheka mpaka akaweka fimbo ya kupuria chini.

Nilitaka kumwonyesha zaidi. Niling'oa mche wa njahi, nikakung'uta udongo, nikampa avipapase vile vifundo vya mizizini, kisha nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu hafifu, kama fizi. Nilimweleza kwamba humo hukaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuugawia mmea, na udongo pia hupata sehemu yake mizizi inapooza.

"Ndiyo maana mahindi yanayofuata njahi hayana manung'uniko," alisema. Akaukamata tena ule mche, akaupapasa kutoka mzizi hadi ncha. "Umeung'oa mzima ili unionyeshe hilo?"

"Ni mmoja tu, susu."

Alinirudishia. Tawi lililobandikwa kwenye karatasi yangu lilitoka shamba lile, msimu ule. Lilikuwa shamba zuri, la mwisho.

Mvua mbili zilizofuata zilikosa. Ile ya Oktoba ilitishia tu. Ile ya Machi ilinyesha siku nne ikaenda zake, na susu, ambaye hakutaka kupumzisha ardhi, alipanda akapoteza. Majirani waliokuwa na njahi za mbegu yake walikuwa wameshaziacha muda mrefu kabla ya hapo, wakaenda kwenye ndengu, kwa sababu ndengu zina soko na hazichukui nusu mwaka shambani. Siwalaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba kufikia mwaka wangu wa pili chuoni, njahi zile zilikuwa zimebaki katika kibuyu kimoja, katika nyumba moja, na hazikufika vikombe vitatu.

Susu naye alikuwa amedhoofika. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na kliniki walituambia moyo wake umechoka. Hakulalamika. Alitaka jambo moja, na alilisema waziwazi mbele ya mama na mimi: aziguse njahi zake zikitambaa tena, azivune, arudishe kiganja kibuyuni, kisha kibuyu anikabidhi mimi niliyebeba jina lake.

Agosti ile nilipofungua gunzi, fukusi walitoka. Nilimwaga mbegu kwenye ungo. Nyingi zilikuwa na matundu ya mviringo, safi kana kwamba yametobolewa kwa sindano ya moto. Majivu yalikuwa haba mno; mikono iliyokuwa ikiyachekecha ilikuwa imechoka, nasi wengine hatukuwa tumeona. Nilichambua mbegu nzima hadi jua likapita utosini. Zilijaza kikombe kimoja na kidogo.

"Wewe umesoma wadudu," susu alisema. "Utawatoa?"

Nilisema ndiyo. Nilisema chuoni tuna njia. Nilikuwa na furaha, na ni lazima niikiri furaha hiyo, kwa sababu hatimaye elimu yangu ilikuwa imeombwa kitu na mtu aliyeihitaji.

Aliingiza mkono katika ungo, akachota kiganja, akakiweka kwenye pindo la leso yake.

"Hapana, susu," nikamwambia. "Zikibaki hizo, mayai ya fukusi yatabaki nazo. Tutakuwa tumefanya kazi bure. Ni lazima ziende zote."

"Kiganja hubaki."

"Kiganja ndicho kitakachoua nyingine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliniita kwa jina letu, jina langu na la susu, kwa namna ya kunizuia. Sikuzuilika. Nilieleza maisha ya fukusi kuanzia yai hadi mdudu kamili. Nilieleza kwa upole na kwa mpangilio mzuri, na susu alisikiliza hadi mwisho kama alivyosikiliza mahubiri ya kanisani kwetu, kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Kisha akafungua pindo la leso, akamimina kiganja kile pamoja na nyingine.

"Haya," alisema. "Ndiyo kusoma."

Katika chumba cha mimea mikavu hakuna kitu kinachoingia kabla ya kupitia tanuri. Hiyo ni kanuni, na ni kanuni njema: mdudu mmoja aliyejificha katika ua anaweza kula kazi ya miaka mingi. Niliporudi chuoni nilizitandaza njahi za susu kwenye trei, nikazitia katika tanuri ya kukaushia pamoja na vibanio vya wanafunzi wenzangu, nikaziacha siku mbili. Nilipozitoa, fukusi wote walikuwa wamekufa. Niliwahesabu kwa ushindi. Nikatenga mbegu chache kwa ajili ya bahasha ya karatasi yangu, na nyingine nikazitia katika chupa safi.

Nilijua kwamba mbegu ni kiumbe hai kilicholala. Tulikuwa tumefundishwa, nilikuwa nimeandika katika daftari kwa wino wa bluu na kupiga mstari chini yake. Mtu akiniuliza kwenye mtihani ni joto gani linaloua kiini cha mbegu, ningemjibu. Lakini siku ile sikuwa nimeshika mbegu. Nilikuwa nimeshika sampuli. Nimejitafutia udhuru mwingine mara nyingi na sijaupata.

Mvua ya mwaka ule ilikuja, na ilikuja kwa adabu. Nilikuwa nimeomba ruhusa chuoni nikaja nyumbani. Tulimbeba susu kwa kiti hadi ukingoni mwa shamba, mimi na mama, akakaa na blanketi magotini akituamuru. Mbili kila shimo. Kina cha kidole hadi kifundo cha pili. Usikanyage, funika tu.

"Umebakiza?" aliniuliza kabla sijashusha ya kwanza.

"Nimebakiza." Safari hii nilikuwa mtiifu. Kiganja kilikuwa kibuyuni, na gunzi juu yake.

Siku ya tano jirani yetu alikuwa na maharagwe yaliyoinua migongo yake kutoka ardhini. Njahi hazikuonekana. Siku ya saba nilitembea mistari yote nikiinama. Siku ya nane nilichimba shimo moja kwa kidole. Mbegu ilikuwa imevimba, imelainika, na nilipoibonyeza ilitoa uji wenye harufu mbaya. Hapakuwa na mzizi, wala hata ncha ya mzizi. Nikachimba shimo la pili. Nilipofika la sita nilikuwa nimeshaiona tanuri mbele ya macho yangu, mlango wake wa chuma, taa ndogo nyekundu inayowaka joto likiwa limefika. Nilikaa chini katika udongo wenye maji. Kisha nikakimbia nyumbani, nikazichukua tano kutoka katika kile kiganja cha kibuyuni, nikaziviringisha kwenye kitambaa kibichi, nikazificha chini ya kitanda changu. Kila asubuhi nilikifungua. Siku ya nne zilikuwa zimeota ukungu mweupe.

Susu alikuwa hawezi tena kutoka chumbani. Kila nilipoingia na uji aliuliza, "Zimeota?" nami nikajibu, "Bado, susu, udongo una baridi." Udongo wa Kalamba, mwezi wa Novemba, una baridi! Hakubisha.

Siku ya kumi na mbili mama alinivuta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemweleza yote.

"Mwambie zimeota," alisema. "Unamwona alivyo. Aende na moyo mweupe."

"Ni uongo, mama."

"Ni uongo. Mungu atanihukumu mimi. Wewe peleka jani."

Hapa ndipo ninapojiogopa. Dhamiri haikunikataza. Nilikubali, kisha nikaitumia elimu yangu yote kuufanya uongo uwe bora. Nilijua kwamba njahi ikiota, majani yake ya kwanza ya kweli si ya vipande vitatu. Ni mawili, mazima, yenye umbo la moyo, yaliyoelekeana. Mtu asiyesoma angeleta jani la vipande vitatu na kujifichua. Mimi niliomba ruhusa katika shamba la jirani, nikapita kwenye mistari, nikatafuta haragwe lililochelewa kuota, lenye majani mawili ya umbo la moyo na ukubwa uleule. Jirani akanitania, "Daktari wa majani, leo unatibu nini?" Nikasema ni kazi ya shule.

Niliingia chumbani nikaliweka kiganjani mwa susu, kama alivyokuwa akiniwekea mimi.

"Zimeota," nikasema.

Uso wake ulifunguka. Sijui namna nyingine ya kueleza. Kwa kitambo kifupi alikuwa mwanamke niliyemjua nikiwa na miaka sita. Kidole gumba kikapita juu ya jani, taratibu, kikifuata umbo la moyo hadi nchani. Akaligeuza. Kidole kikasimama. Akalifikicha pembeni, akalileta puani, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Kisha akalishusha kifuani, juu ya sweta, akalibonyeza kidogo na kuondoa mkono.

Jani likashika.

Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alitoka nje.

"Haragwe ni mtoto mzuri," susu alisema baadaye. "Ni wa nani?"

"Wa jirani, susu."

"Zangu umezifanya nini?"

Nilimwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza tanuri, trei, siku mbili, kwa maneno yale yale yaliyopangika vizuri, mpaka maneno yakaniishia. Nilisikia kuku wakiparura chini ya dirisha.

"Na za kibuyuni?"

"Na za kibuyuni."

"Zote."

"Zote, susu."

Aliinua mkono akautafuta uso wangu, akaupata, akaushika kwa kiganja. Ulikuwa mkono mkavu, mwepesi. Nilingoja aniambie amenisamehe. Hakuniambia. Alinishika tu hivyo, kama mtu anayepima kitu asichojua atakiweka wapi, kisha akageukia ukutani akasema anataka kulala.

Aliishi wiki tatu zaidi. Alizungumza nami juu ya mambo mengine: wimbo anaoutaka kanisani, blanketi jipya ambalo asizikwe nalo kwa kuwa mama atalihitaji, mbuzi mwenye mimba. Njahi hakuzitaja tena. Jani alikataa litolewe. Lilinyauka kwenye sweta likawa jembamba kama ganda la kitunguu, na asubuhi moja mama alipokuwa akimwogesha likaanguka lenyewe. Siku ya mazishi mchungaji alisema mama huyu ameacha mbegu njema duniani, akimaanisha watoto wake na mimi. Nilitazama viatu vyangu.

Kazi yangu ya mimea ishirini ilipewa alama ya juu. Mwalimu alisifu hasa karatasi ya njahi, ukamilifu wa tawi, na bahasha ya mbegu zisizo na tundu hata moja.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mwingi. Nilikuwa nimekwisha kuuliza kila mahali pengine. Watu waliosoma kuliko mimi walinionyesha njahi nyeusi, nyeupe, za kahawia tupu. Waliniandikia majina ya mbegu zilizoboreshwa, kwa wema. Katika mji wa Mwingi nilisimama kwenye duka la nafaka la mzee mmoja Mwislamu, nikachovya mikono katika gunia la njahi zilizochanganyika, nikazipekua kwa nusu saa nzima.

"Binti," alisema mwishowe, "nunua kilo, au uache gunia langu lipumue."

Nikamweleza ninachotafuta: kahawia, madoa meusi, mstari mweupe. Aliacha utani, akavaa miwani, akapekua pamoja nami. Alifika chini ya gunia. "Zamani wanawake walizileta," alisema. "Kutoka ule upande." Akaonyesha kwa kidevu upande ule ule nilikokuwa nikienda.

Nyumbani alikozaliwa susu alikuwa amebaki mke wa marehemu kaka yake, mwanamke mzee aliyekonda, mwenye macho bado makali. Tulituma habari mapema kwamba mjukuu anakuja, yule mwenye jina. Nilikuwa na matumaini, na niliyapanga vizuri kama ninavyopanga kila kitu: mbegu zilitoka hapa, hapa ndipo shina, shina halikosi chipukizi. Nilikuwa nimebeba kikopo kisafi na majivu yaliyochekechwa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hata wakinipa mbegu saba, moja itabaki katika nyumba hii.

Alinipokea kwa jina la susu. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku. "Umerudi kwenu," aliniambia, akacheka, maana kwa desturi yetu nilikuwa ndiye yule bibi arusi aliyeondoka pale na mbegu zake. Tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi. Nikasalimiana na wakwe na watoto wao. Kisha, kabla sijapata namna ya kuanza, aliingia ndani akarudi na kibuyu, akakiweka miguuni pangu. Kilikuwa kikubwa kuliko cha susu, na cheusi kwa moshi. Nikafungua kifuniko cha kikopo changu.

Akatoa gunzi, akakipindua. Hakikuwa na kitu.

"Zetu zilikufa kitambo," alisema. "Mwaka ule wa ukame mkubwa tulizipika zote, hata za mbegu. Mume wangu aliniuliza, utapika hadi ya mwisho? Nikamwambia, kwa nini nisipike? Dada yako yuko Makueni, na yule mwanamke hawezi kukosa kiganja. Mvua ikirudi tutatuma mtu."

Akafuta mikono yake kwa leso, mmoja kisha mwingine, akaikinga mbele yangu, imeungana, kama mtu anayesubiri maji.

"Haya, mama," alisema. "Umetuletea?"

Kikopo changu kilikuwa mapajani. Nilikiweka chini. Nikamshika mikono ile iliyokuwa imekingwa, sikutafuta jani, nikaanza kumweleza tangu mwanzo.